Nyumba ya Marehemu ni ya Nani? Wanawake na Sheria Kando ya Ziwa Tanganyika

Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, lilijaa kama siku zake zote. Wengi wa wauzaji walikuwa wanawake, waliovuka mto kwa mitumbwi wakiwa na samaki, mihogo, vyungu na mawese. Hata vijiji vyenye uhasama viliwaacha wapite, maana mwanamke anayekwenda sokoni hakuguswa. Siku hiyo watu wa misafara ya pembe na watumwa waliwamiminia risasi. Waliokimbilia mtoni walizama wengi. Waarabu wenye misafara hiyo wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. David Livingstone, aliyeshuhudia mauaji hayo, alikatiza safari yake, akarudi mashariki na kuingia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 23 Oktoba akiwa mgonjwa na mikono mitupu.

Kilichofuata kila mtoto wa shule anakijua: Stanley akatokea, wakasalimiana chini ya mwembe, na leo pana mnara na makumbusho. Wanawake wa Umanyema, nchi ile ya Nyangwe, hawana mnara Ujiji, ingawa mji ule ni kazi ya mikono yao na ya binti zao. Walivushwa ziwa wakiwa watumwa, na baadhi yao walikufa wakiwa wenye nyumba. Namna walivyotoka hali ya kwanza wakafika ya pili, na namna sheria ilivyowasaidia hapa na kuwakwamisha pale, ndiyo habari ninayotaka kuieleza. Nitaifuata kwa swali moja ambalo kila utawala wa ukingo huu umelijibu kwa njia yake: mwanamume akifa au akiondoka, mwanamke anabaki na nini mkononi?

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 walikuta soko lenye chumvi, samaki, mafuta ya mawese, pembe za ndovu na watu. Ununuzi mdogo mdogo ulifanywa kwa shanga. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake wa Kinyamwezi walisafiri nayo, wakapika, wakabeba mizigo, wakafanya biashara zao ndogo njiani. Wengine walikuwa wake wa wapagazi, wengine walijitegemea. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kuwachora wanawake wa zama zile wakiwa minyororoni tu. Minyororo ilikuwapo, na ilikuwa mingi. Lakini hata katika nchi ya minyororo wapo waliopiga hesabu zao na kusafiri kwa miguu yao.

Waliovushwa kutoka ng'ambo ya magharibi hawakuwa na nafasi hiyo. Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, amri yake haikuigusa Ujiji, ambako neno la mwisho lilikuwa la matajiri wenye bunduki, na sheria waliyoijua ni ile ya Kiislamu kama walivyoitafsiri wao. Kwa sheria hiyo mwanamke mtumwa aliweza kufanywa suria. Suria akimzalia bwana wake, mtoto ni huru, mama hauzwi tena, na bwana akifa naye anakuwa huru. Yalikuwa matumaini finyu yaliyotegemea tumbo lake na kifo cha mtu mwingine. Hata hivyo wanawake waliyashikilia, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine.

Wajerumani walipoweka boma Ujiji katika miaka ya 1890 hawakuufuta utumwa. Waliuandikisha. Mtumwa aliyekombolewa alipewa barua ya uhuru, na maelfu ya barua hizo zilitolewa kote katika koloni. Mwaka 1904 ikatoka amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama aliyejifungua Januari 1906 alimnyonyesha mtoto huru akiwa yeye mwenyewe bado mtumwa.

Na ukombozi wenyewe ulikuwa na shimo ndani yake. Mara nyingi mwanamume ndiye aliyelipa fidia ya mwanamke, kisha akamchukua kuwa mkewe, na fidia ile ikakaa mahali pa mahari. Kwa macho ya boma, mambo yamekwisha, mtumwa amekuwa mke. Lakini mke aliyeolewa kwa mahari ya kawaida ana baba na kaka wa kuwarudia nyumba ikiwaka moto. Aliyekombolewa hana. Simulizi ya Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba wa upande wa magharibi, ilichapishwa mwaka 1916 ikieleza jinsi alivyokuwa mtumwa mara kumi kabla ya kuwa huru. Ukiisoma habari yake unaona kwamba kilichomwangusha tena na tena si mnyororo peke yake. Hakuwa na mtu wa kusimama upande wake. Hata wamisionari wa Kikatoliki, waliofika Ujiji mwaka 1879 na kuishika Karema mwaka 1885, waliwanunua watoto watumwa ili kuwaokoa, wakawalea wasichana, kisha wakawaoza kwa vijana wa misheni. Padri akawa mahali pa baba. Kwa wengine ilikuwa neema kubwa, lakini msichana mwenyewe ni nadra kuulizwa.

Reli ya kati ilifika Kigoma Februari 1914, bandari ikahamia huko, na Ujiji ikaanza kuwa mji wa pembeni. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, Waingereza wakafuata, na hatimaye sheria ya mwaka 1922 ikakomesha utumwa kabisa Tanganyika. Wengi wa waliopata uhuru Ujiji walijiita Wamanyema, jina lililowaunganisha watu wa makabila mengi ya ng'ambo ambao nchi zao hazikuwa na njia ya kurudika.

Hapa ndipo mahali ninapopenda kukaa zaidi, kwa kuwa historia za shule hupita mbio. Mwanamke Mmanyema asiye na ukoo aliielewa hali yake vizuri kuliko maofisa waliomtawala. Asiye na ukoo anahitaji nyumba. Sheria ya Kiislamu, ileile iliyotumika kumfanya suria, ilimpa pia haki ambayo aliitumia ipasavyo: mwanamke anamiliki mali yake, anaiuza, anaitolea wasia, na mume hana fungu ndani yake wakati mke yu hai. Waliuza vyakula na samaki, wakapangisha vyumba, wakaweka akiba. Wengine walipanda treni hadi Tabora na Dar es Salaam, na Wamanyema wanawake wakawa miongoni mwa wenye nyumba wa Dar es Salaam. Nyumba ilikuwa kinga ya talaka na heshima mbele ya majirani, na juu ya hayo ilikuwa mahali pa kuzikwa ukitokea. Kwa mtu aliyeuzwa au aliyezaliwa na aliyeuzwa, hayo hayakuwa mambo madogo.

Serikali ya kikoloni haikufurahishwa nao. Kati ya mwaka 1926 na 1936 maofisa na madaktari walihangaika kwamba wanawake wa Kimanyema wanazaa kidogo, wakazungumzia magonjwa ya zinaa na mienendo yao, kama kwamba mji mzima umeugua kwa sababu ya wanawake wanaojitegemea. Mwaka 1932 vyama pinzani vya Ujiji vilipambana, na mwanahistoria Sheryl McCurdy, aliyechunguza habari hizo kwa makini, ameonyesha kuwa wanawake walikuwa na mkono mkubwa katika kuuwasha ugomvi, na walikuwa na sababu zao za kisiasa. Kwa serikali, mwanamke mwenye sauti alikuwa tatizo la afya au la usalama. Haki yake ya kumiliki haikuwanyima maofisa usingizi. Mahakama za wenyeji zilizoundwa chini ya utawala wa machifu na maliwali zilisikiliza kesi za ndoa, talaka, mahari na ugoni, na waamuzi walikuwa wanaume wazee walioulizwa mila inasema nini. Wanawake wazee, waliozijua mila hizo jikoni na chumbani, hawakuulizwa.

Wakati huohuo sheria nyingine iliingia Kigoma bila kelele, kutoka Bara Hindi. Watu wanadhani kilicholetwa na Wahindi hapa ni duka, kitambaa na mizani. Kuna kingine kilicholetwa na Waingereza kwa jina la India. Walipoichukua Tanganyika walitangaza mwaka 1920 kwamba sheria kadhaa zilizotungwa kwa ajili ya India zitatumika hapa pia. Kanuni ya adhabu ya India ilitumika mpaka Tanganyika ilipopata yake mwaka 1930. Nyingine ilikuwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Hii haikuondoka. India yenyewe iliibadilisha mwaka 1925, lakini Tanzania imeendelea kuitumia kwa mirathi ya Wakristo na wengine ambao maisha yao hayafuati mila wala sheria ya Kiislamu.

Ni sheria ya ajabu katika historia ya wanawake. Ndani yake imeandikwa kwamba mtu hapati haki juu ya mali ya mwenzake kwa sababu tu amemwoa, wala mwanamke hapotezi uwezo juu ya mali yake kwa sababu ameolewa. Wanawake wa Uingereza walisubiri mpaka mwaka 1882 kupata kinga kamili ya namna hiyo kwao nyumbani. Mume akifa bila wasia akaacha watoto, mjane anapata theluthi moja, na theluthi mbili zinagawiwa watoto sawasawa, wa kike kwa wa kiume. Lakini ilipotungwa iliwaacha nje Wahindu na Waislamu, yaani karibu India nzima. Mjane wa Kihindu alipewa haki ya kutumia tu mali ya mumewe mwaka 1937, akapata umiliki kamili kwa sheria ya mwaka 1956, na binti zake wakasubiri hadi mwaka 2005 kuhesabiwa sawa na kaka zao katika mali ya pamoja ya ukoo. Hata familia za Kihindi zilizofungua maduka Ujiji na Kigoma zilibaki na taratibu za jumuiya zao. Waismaili, kwa mfano, walikuwa na katiba ya kwanza ya jumuiya iliyotolewa Unguja mwaka 1905. Ikawa hivi: sheria iliyoandikwa kwa jina la India, ambayo wanawake wengi wa India hawakuionja, imekuwa ngao ya mjane Mkristo wa Kasulu.

Uhuru ulipokaribia, Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na jambo la kujivunia. Katika nchi ya Heru, Kasulu, alitawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, ambaye pia alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia katika bunge la Tanganyika. Waha ni watu wa ukoo wa baba, na bado walimpigia magoti mwanamke. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka huohuo serikali ilichapisha sheria za mila za makabila ya ukoo wa baba, mabaraza ya wilaya nyingi yakazipokea, na humo mkaandikwa kwamba binti yu daraja la tatu na la mwisho katika urithi hata akiwa mzaliwa wa kwanza, kwamba ardhi ya ukoo anaweza kuitumia lakini asiiuze, na kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; atunzwe na watoto wake. Mila iliyokuwa ikijadiliwa na kulegezwa kila msiba sasa imepigwa chapa. Naliona hili kuwa kosa kubwa la taifa changa, na bado tunalilipia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuja na roho tofauti. Ilizikusanya ndoa zote, za kidini, za mila na za serikali, chini ya sheria moja. Talaka ikawa ya mahakama, baada ya shauri kupita baraza la usuluhishi. Kifungu cha 66 kikasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kifungu cha 114 kikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na kikataja mchango wa fedha, wa mali au wa kazi. Kwa miaka kadhaa majaji walitofautiana: je, kupika, kulea na kufagia ni kazi inayochuma mali? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilijibu ndiyo. Kazi ya nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa mtaji naye akautapanya. Alishindwa yeye, wakashinda waliomfuata.

Miaka miwili baadaye, Aprili 1985, Mahakama ya Juu ya India iliamua shauri la Shah Bano wa Indore, mwanamke Mwislamu aliyeachwa uzeeni na mumewe mwanasheria, na kusema anastahili matunzo. Ghasia za kisiasa zikafuata, na mwaka 1986 bunge lao likatunga sheria ya kuupindua uamuzi ule. Hapa kwetu shauri la Bi Hawa lilipita bila maandamano. Nadhani sababu ni ile sheria ya 1971, iliyokuwa imekwisha kupigana vita vyake bungeni na mitaani na kuiweka ndoa ya kila dini mezani pamoja. India haikufanya hivyo, na Shah Bano akabebeshwa peke yake mzigo ambao ungebebwa na taifa.

Sasa nenda ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, alfajiri, wakati mitumbwi inarudi na taa zimezimwa. Wanawake wanasubiri na mabeseni. Dagaa wanapimwa wabichi, wanamwagwa mchangani au juu ya chanja za wavu, wanatandazwa kwa kiganja, na jua likipanda wanageuzwa mara kwa mara ili wasishikane wala kuvunda. Mvua ikinyesha ghafla, mtaji wa wiki unaoza mbele ya macho. Fedha za dagaa hao ndizo zinazonunua nyavu, mbao za mtumbwi, mashine na mafuta. Lakini leseni ya chombo mara nyingi ina jina la mume, na kifungu cha 60 cha sheria ileile ya 1971 kinasema mali iliyoandikwa jina la mmoja wa wanandoa inadhaniwa kuwa yake hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Athibitishe kwa kitu gani? Muuza dagaa hana risiti. Ana mashahidi, nao ni wanawake wenzake wa ufukweni. Yule anayeachwa anaweza kukiegemea kifungu cha 114. Yule anayefiwa anaingia katika mirathi, ambako 1971 haikufika.

Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake na kushtakiwa na ndugu wa ukoo. Jaji aliitupa kanuni ya mila inayomzuia, kwa kuwa inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikathibitisha kwamba mwanamke ana haki sawa ya ardhi, na mila inayomnyima haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipoziendea mahakama kuzipinga kanuni za mirathi za 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kuwa zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake ikasema Tanzania imewakosea.

Habari ya umri wa kuolewa imekwenda vivyo hivyo. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana anangoja miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka serikali mahakamani, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi wake Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo. Mwaka ulipita bila marekebisho.

Kwa hiyo mwanamke anayefiwa leo Ujiji au Mwandiga anakuta meza yenye vitabu vitatu. Akiwa Mwislamu na mumewe ameacha watoto, fungu lake ni moja ya nane, na wakiwa wake wengi wanagawana hiyohiyo moja. Kwa kanuni za mila za 1963 hana fungu. Kwa sheria ya 1865 ana theluthi. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi ili kuamua kitabu gani kifunguliwe, lakini kabla ya mahakama kuna kikao cha ukoo, na muhtasari wa kikao hicho ndio karani wa Mahakama ya Mwanzo atakaouulizia. Kikao kinafanyika mara baada ya matanga. Mjane bado yuko kwenye mkeka, macho yamevimba. Anaambiwa, shemeji, wewe pumzika, haya tutayashughulikia sisi. Kaka wa marehemu anapendekezwa kuwa msimamizi, karatasi inazungushwa, naye anatia sahihi au dole gumba. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya 1865, kwa hiyo anayetaka theluthi yake lazima ajue hilo mapema na apande ngazi ya juu. Kabla Mahakama Kuu haijafungua kanda Kigoma, ngazi ya juu kabisa maana yake ilikuwa treni hadi Tabora.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wanafanya kazi nzuri ya kuwaambia wajane wasitie sahihi karatasi wasiyosomewa, na kwamba mjane mwenyewe anaweza kuomba usimamizi wa mirathi. Lakini msaidizi hawezi kubadilisha kilichoandikwa. Bunge linaweza. Linahitaji kutunga sheria moja ya mirathi inayoanza na haki ya mjane kubaki katika nyumba aliyoishi na mumewe, inayohesabu jasho lake katika mali kabla mali hiyo haijaitwa ya marehemu, na inayomweka binti sawa na kaka yake pale ambapo leo kanuni za 1963 zinamweka mwisho. Kuhusu mafungu ya dini, Waislamu wenyewe, wanawake wakiwamo, wakae mezani kama ilivyofanyika kwa ndoa kabla ya 1971. Tume ya Kurekebisha Sheria ilikwisha kupendekeza marekebisho ya mirathi tangu miaka ya 1990, na wasichana waliozaliwa Kigoma miaka hiyo ya mapendekezo sasa ni akina mama wenye nyumba zao, na baadhi yao ni wajane.